Walinikatia Kilatini: stesheni ya nyuma ya soko la Majengo na vitabu viwili vya Comenius

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kuprinti nyeusi na nyeupe ni shilingi 150 kwa ukurasa ukileta kazi kubwa, 200 ukileta karatasi mbili tatu. Kubaindi kwa spairo ni 2,500, na jalada la plastiki la mbele limo humo humo. Stesheni yenyewe ni chumba kimoja mitaa ya nyuma ya soko la Majengo, hapa Dodoma mjini, chenye mashine mbili za kopi, kompyuta moja, na benchi la mbao nje ambalo saa nne asubuhi lina kivuli na saa nane halina. Jina silitaji. Nina la kulalamika, na vijana wale nawapenda.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili miaka 31, kwa hiyo karatasi mbaya naijua kwa kuigusa tu. Nimezaliwa Tabora, Moravian wa kuzaliwa, nikaolewa huku kwa Wagogo. Kwenye mafundisho ya kipaimara mchungaji wetu alitutajia mara moja askofu wa zamani aliyefukuzwa kwao, jina lake Comenius, kisha akaendelea na mengine. Jina likanikaa kichwani kama mbegu ya ubuyu kwenye jino. Mwaka huu mjukuu wangu wa chuo akaniambia, "Bibi, vitabu vyake viko bure kwenye intaneti, haki za mwandishi zimeshakwisha zamani." Akanishushia viwili, akaviweka kwenye flashi, akarudi chuoni. Macho yangu hayasomi kwenye simu. Ndipo nikaenda Majengo.

Huyu mzee alizaliwa Moravia mwaka 1592, akafia Amsterdam mwaka 1670, akazikwa mji mdogo wa Naarden. Katikati hapo alikimbia karibu maisha yake yote. Kwao, Bohemia na Moravia, leo Jamhuri ya Cheki, watu walizungumza Kicheki na Kijerumani mtaa mmoja, mapadri na wasomi wakaandika Kilatini, na Wayahudi wa Praha walikuwa wakichapa vitabu vya Kiebrania tangu mwaka 1512. Mwaka 1620, tarehe 8 Novemba, Waprotestanti wakashindwa vita kwenye Mlima Mweupe karibu na Praha. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, viongozi 27 wakauawa hadharani kwenye uwanja wa mji. Kisha ikaja sheria mpya: dhehebu moja tu, la Kikatoliki, na Kijerumani kikapewa hadhi sawa na Kicheki katika mambo ya serikali. Sawa kwenye karatasi. Asiyetaka kubadili dini aondoke. Comenius akaondoka mwaka 1628 kwenda Leszno, Poland, na hakurudi kuishi kwao tena.

Kabla ya kuondoka alikuwa amejificha, na akiwa mafichoni, mwaka 1623, akaandika kwa Kicheki kitabu cha kwanza kati ya viwili nilivyoprinti: Labirinthi ya Dunia na Paradiso ya Moyo. Mimi ninacho kwa Kiingereza, tafsiri ya mwaka 1901. Kazi hii stesheni waliifanya vizuri sana. Ni maneno matupu, hakuna picha, kwa hiyo kijana akaniwekea kurasa mbili kwa karatasi moja, herufi bado kubwa, ukingo wa kushoto ameuacha mpana ili matundu ya spairo yasile maneno. Hilo la ukingo wengi hawalijui. Nimeshawahi kupokea taarifa ya kikao cha wazazi ambayo neno la kwanza la kila mstari limetobolewa.

Kuna msafiri, kijana, anataka kuchagua kazi ya kufanya duniani, basi anaomba kuzungushwa aone zote kwanza. Wanamjia viongozi wawili. Mmoja ni mjuaji wa kila kitu, hakosekani popote. Wa pili ni Udanganyifu mwenyewe. Wanamtia hatamu mdomoni kama farasi, kisha wanamvisha miwani ambayo vioo vyake vimetengenezwa kwa dhana tupu na fremu yake kwa pembe iitwayo Mazoea. Ukiivaa, kilicho mbali kinakuwa karibu, kidogo kinakuwa kikubwa, kibaya kizuri. Lakini wamemvisha upande. Akiinua kichwa kidogo, chini ya fremu anaona vitu vilivyo. Kitabu kizima ni mtu anayechungulia chini ya miwani.

Nilikisoma barazani kwa siku nne, na nilicheka peke yangu hadi jirani akaja kuuliza. Pale kwa wasomi anakuta watu wanakula vitabu. Wengine wanatafuna taratibu na kunenepa, wengine wanavimeza vizima na wanabaki wamekonda vilevile. Halafu kuna wale ambao hawali kabisa, wanavipamba tu na kuvipanga vyumbani ili wageni wavione. Nina majina ya watu wa Dodoma hapa, siyaandiki. Kwa wapasha habari anakuta watu wanauziana filimbi, kila mmoja anapuliza sikioni kwa mwenzake, filimbi moja inalia furaha nyingine msiba, na anayenunua anafurahi au anahuzunika kufuatana na aliyoinunua. Mwaka 1623, jamani, kabla ya makundi ya simu. Mahakamani waheshimiwa wanaokaa kitini wana majina kama Mpenda-Ugomvi, Mpenda-Dhahabu, Pokea-Zawadi, Jua-Kidogo, na mwenyekiti wao anaitwa Nataka-Iwe-Hivyo. Kijana wa stesheni alikuwa akisoma juu ya bega langu nilipokuja kulipa. Alicheka kuliko mimi, na akaomba asihojiwe.

Kuna sura moja sikucheka. Watu wanapimwa kwenye mizani halafu wanafungwa pingu wawili wawili, ndiyo ndoa hiyo. Msafiri naye anashawishika, anafungwa, anaongezewa watoto wa kukokota, analalamika uzito. Kisha dhoruba inakuja na kuwang'oa wote, anabaki na pingu zinazoning'inia. Comenius alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza na watoto wawili kwa tauni mwaka 1622, mwaka mmoja tu kabla ya kuandika. Mimi mume wangu nilimzika Hombolo. Nilifunga kitabu nikaenda kupepeta mtama.

Nikiwa mkweli, nusu ya pili ya kitabu, ile Paradiso, hainishiki kama ya kwanza. Msafiri anasikia sauti inamwambia arudi nyumbani mwa moyo wake na afunge mlango, na humo ndani anapewa miwani mipya, fremu yake Neno la Mungu. Ni nzuri kwa sala ya jioni. Ila nilikuwa nimeshazoea kelele za sokoni, na kule ndani kuna utulivu mno.

Sasa tuje kwenye lawama.

Kitabu cha pili kinaitwa Orbis Pictus, Dunia kwa Picha. Kilichapwa Nuremberg mwaka 1658, kwa Kilatini na Kijerumani, na mwaka uliofuata kikawa na toleo la Kiingereza na Kilatini, ndilo nililo nalo. Kina sura 150. Kila sura juu ina picha iliyochongwa ikapigwa chapa, na ndani ya picha kila kitu kina namba. Chini kuna safu mbili za sentensi, lugha moja kila upande, na katika sentensi kila jina la kitu limewekewa namba ileile ya kwenye picha. Mtoto anasoma "nyundo, 4", anatafuta 4 pichani, anaiona nyundo. Basi. Hakuna tafsiri ya kukariri. Mwalimu wa KKK yeyote, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ataelewa kwa nini niliposhuka sura ya tano nilikuwa nimesimama wima.

Kwa hiyo vitu viwili tu ndivyo nilivyovihitaji kutoka stesheni: safu zote mbili zionekane, na namba zisomeke. Nilipata hiki hakuna, hiki hakuna.

Nilifungua pale pale kwenye benchi. Safu ya Kilatini imekatwa ukingoni kitabu kizima, kila mstari umebaki nusu. Nikamwita kijana. Akaja kwa heshima zote, "Shikamoo mwalimu, kuna tatizo?" Nikamwonyesha. Akaangalia, akasema kwa upole kabisa, "Lakini mama, hii ya Kiingereza imetoka yote. Hiyo nyingine ni lugha gani? Nani anaisoma?" Karatasi, anasema, haikutosha upana, basi akabakiza ile yenye faida.

Sikumjibu mara moja, kwa sababu alikuwa amesema maneno yangu. Miaka ile nafundisha, kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mtoto akikamatwa anaongea Cigogo eneo la shule, anavishwa shingoni, na anakitoa akimkamata mwenzake. Kibao hicho nimekivisha mimi kwa mikono yangu, mimi Mnyamwezi niliyeolewa Ugogoni, na sababu niliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo: yenye faida ibaki. Mzee Comenius aliandika kwamba mtoto tangu miaka sita hadi kumi na miwili afundishwe kwa lugha ya mama yake, Kilatini kije baadaye kwa anayekihitaji. Nimesoma hilo nikiwa nimestaafu.

Hata wenyewe kule hawakuwa na jibu jepesi. Kulikuwa na Mjesuti wa Bohemia, yaani padri wa shirika moja la Kikatoliki, Bohuslav Balbín, mtu wa upande ule ulioshinda vita, ambaye miaka ya 1670 aliandika utetezi mkali wa lugha ya Kicheki. Aliuandika kwa Kilatini. Msicheke, makongamano mangapi ya kuzitetea lugha zetu yameendeshwa kwa Kiingereza? Na haukuchapwa mpaka mwaka 1775, yeye ameshakufa miaka 87. Orbis Pictus chenyewe kilikuwa na bahati zaidi: mwaka 1685 kule Levoča, mji uliokuwa ndani ya ufalme wa Hungaria na sasa uko Slovakia, kilitoka kwa lugha nne pamoja, Kilatini, Kijerumani, Kihungaria na Kicheki. Hakuna aliyevishwa kibao.

Nikamwambia kijana, "Rudia. Na Kilatini kiwemo." Akaita bosi wake, dada mmoja wa Kondoa, mtulivu, ambaye hakubishana hata dakika moja. Akasema nilipie karatasi tu, wino na kazi juu yao. Hapo ndipo nilipowapa alama nilizokuwa nimewanyang'anya.

Awamu ya pili safu zikatoka zote, lakini picha zikawa nyeusi kama sufuria ya pombe. Namba hazionekani. Wino wa mashine ile kubwa ulikuwa unaelekea mwisho, na kijana ameongeza weusi ili maneno yakolee. Namba zikifa kwenye kitabu hiki, kitabu kimekufa, zinabaki picha za Wazungu waliovaa kofia. Tukakaa naye kwenye kompyuta kama saa nzima. Tulichokifanya, na nakiandika hapa ili mwingine asihangaike: karatasi ya A4 ilazwe, ukurasa mmoja wa kitabu uwe mkubwa kadiri unavyoweza, weusi upunguzwe, na itumike ile mashine ndogo. Kitabu kikawa kinene, ikabidi tukigawe juzuu mbili, spairo mbili, 5,000. Sijutii.

Wakati tukipitia sura moja moja ili kuona namba, ndipo kijana alipoanza kukipenda. Mwanzoni kuna alfabeti ya sauti za wanyama: kondoo analia bé é é, bata bukini ga ga, nzi wa farasi ds ds, mbwa akinguruma err ndiyo R hiyo. Sisi Wamoravian tuna Mwanakondoo kwenye nembo, "ameshinda, tumfuate", kwa hiyo yule wa B nilimsalimia. Punda ameandikiwa y y y. Kijana amekulia Chemba kwenye punda wengi, akakataa kabisa. Akaniigia punda wa kweli ndani ya stesheni, mteja aliyekuwa anaskani vyeti akageuka.

Sura ya kuvuna zabibu niliiprinti nakala tatu zaidi. Imo yote: mizabibu iliyofungwa kwenye miti na fito, vishada vinakatwa, vinatiwa kwenye pipa, vinakanyagwa kwa miguu, juisi inakamuliwa kwenye shinikizo, inamiminwa mapipani, inafungiwa stoo ya chini mpaka iwe divai. Mtoto wa Hombolo au Bihawana hahitaji kuelezwa picha hiyo. Ukimwambia tu kwamba wale walivuna mara moja kwa mwaka anawahurumia, maana huku Dodoma tunavuna mara mbili.

Na kuna sura ya mbaindaji wa vitabu. Kijana aliisoma kwa sauti, Kiingereza chake cha kidato cha nne kikijikongoja: zamani waligundisha karatasi kwa karatasi wakaziviringisha kuwa furushi moja, siku hizi mbaindaji anapaka karatasi maji ya gundi, anazikunja, anazipiga kwa nyundo, anazishona, anazibana kwenye shinikizo la skrubu mbili. Akaitazama mashine yake ya spairo, akautazama ule mchoro. "Kumbe hii kazi ina wazee," akasema. Kisha akaniuliza kama naweza kumwachia hiyo kurasa moja aibandike ukutani. Nikamwachia. Ukienda utaiona, juu ya swichi, kulia kwa kalenda.

Jambo moja la mwisho linalohusu huduma. Stesheni nyingi hufuta faili ukishalipa, ama zinabaki na kuzagaa kwa kila mtu. Hawa wana daftari: unaandika jina, wanakuwekea folda yako, na ukitaka ifutwe wanafuta mbele yako. Nimeziacha zangu. Comenius alikuwa na kamusi ya Kicheki na Kilatini aliyoifanyia kazi zaidi ya miaka 40. Mwaka 1656 jeshi likachoma Leszno, nyumba yake ikaungua, na kamusi ikaenda na moto. Nakala ya pili haikuwepo. Mimi flashi moja haiaminiki tena nyumbani kwangu, hasa palipo na wajukuu.

Kwa hiyo: kazi ya maneno matupu, wapelekeeni bila wasiwasi. Kazi ya picha, kaeni nao, msiondoke, na ombeni waprinti ukurasa mmoja kwanza muushike mkononi kabla ya kuruhusu kitabu kizima. Wakati wa Bunge msiende asubuhi, foleni ya watu wa makabrasha inafika barabarani. Jumamosi baada ya saa nane pametulia, ila beba kanga ya kukalia, lile benchi linakuwa na moto.

Wiki iliyopita nilirudi na sura ya zabibu. Sentensi nimeziandika upya kwa mkono, safu tatu: Kiingereza, Kiswahili, na ya tatu jirani yangu Mgogo ameiandika kwa Cigogo, akigombana na mwanawe kuhusu kila neno la mapipa. Nilipoingia dada wa Kondoa akanisalimia "Mbukwenyi", salamu ya Cigogo, kwa mzaha, maana sote wawili ni wa kuja. Kijana akapokea karatasi, akaipima upana kwa rula kabla hata sijasema kitu.